Mtumba: Shule Itangulie Nyumba

Mji wa Serikali wajengwa Mtumba, kilometa zipatazo 17 mashariki ya kitovu cha Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Majengo ya wizara yamesimama, barabara zimetiwa lami, na taa zawaka usiku mahali ambapo juzi juzi palikuwa na mashamba ya mtama na uwele na vichaka vya kuchungia ng'ombe. Mtu aliyepita pale mwaka 2016 akirudi leo hatapatambua. Lakini kazi ya gazeti si kustaajabia majengo peke yake. Kuna swali ambalo wafanyakazi waulizana asubuhi katika mabasi ya kwenda kazini, na wenyeji wa vijiji vya kale waulizana chini ya mibuyu yao: watoto wa mji huu watasoma wapi?

Twauliza hivyo kwa sababu nyumba zatangulia na shule zafuata nyuma, tena kwa mbali. Katikati ya hizo mbili pana pengo la miaka, na mtoto hawezi kungoja katika pengo hilo. Mtu mzima aweza kuvumilia kukaa miaka mitatu bila lami mlangoni kwake. Mtoto wa miaka sita akikosa darasa mwaka huu, mwakani ana miaka saba.

Yafaa tukumbushane jinsi tulivyofika hapa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa na TANU mwaka 1973, baada ya matawi ya chama kuulizwa na kutoa kauli yao. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na mwaka 1976 ukatoka mpango mkuu wa mji, uliotayarishwa na wataalamu kutoka Toronto, Kanada. Mengi katika mpango ule hayakutimia. Lakini mlikuwa na wazo moja lenye akili nyingi: kwamba mji wa nchi isiyo na fedha nyingi hauna budi kujengwa kwa kipimo cha miguu ya binadamu. Mitaa igawanywe katika jumuiya ndogo ndogo, na kila jumuiya iwe na shule na huduma zake karibu, ili mtoto aende na kurudi kwa miguu. Wazo hilo halina kosa hata leo. Tumelisahau tu, kwa kuwa kwa zaidi ya miaka arobaini uhamisho ulikwenda pole pole, na mji haukutulazimisha kulikumbuka.

Mwendo ulibadilika tarehe 23 Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yote itahamia Dodoma. Mwaka 2017 Mamlaka ya Ustawishaji ikavunjwa na kazi zake zikakabidhiwa halmashauri. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikapandishwa kuwa jiji, na tarehe 13 Aprili 2019 Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa. Tazama sasa hesabu ya watu. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta 765,179. Katika miaka kumi wameongezeka watu 354,223, ambalo ni jambo kama kuuchukua mji mzima wa wastani na kuumimina juu ya mji uliokuwapo. Na katika nchi yetu, ambamo zaidi ya watu 40 katika kila mia ni watoto wasiotimiza miaka 15, hakuna mji unaokua kwa watu wazima peke yao.

Wako wanaodhani kwamba upungufu wa nafasi shuleni ni bahati mbaya, kama ukame. La hasha. Una njia yake, na njia hiyo yaonekana wazi kwa mtu yeyote atakayeifuata kutoka mwanzo. Eneo lapimwa. Katika ramani huandikwa viwanja vya makazi, viwanja vya biashara, mahali pa ibada, eneo la wazi, na mahali pamoja huandikwa "shule". Viwanja vya makazi vyauzwa, kwa kuwa vina wanunuzi. Kiwanja cha shule hakina mnunuzi, hivyo chabaki kichaka. Mwenye kiwanja cha makazi achimba msingi, ajenga chumba kimoja kimoja kwa kadiri ya mshahara wake, ahamia kabla ya kupiga lipu, naye ahamia na wanawe. Siku hiyo ndiyo mahitaji ya shule yaanzapo. Lakini fedha ya kujenga shule haijaombwa bado, kwa sababu katika vitabu vya serikali eneo lile lilikuwa pori, na pori halina wanafunzi.

Kwa hiyo watoto wote hawa wageni huelekea mahali pamoja, yaani shule ya kijiji iliyokuwapo tangu zamani. Shule za namna hiyo, katika Mtumba, Ihumwa, Kikombo na pembezoni mwa jiji kwa jumla, zilijengwa kwa ajili ya watoto wa wakulima na wafugaji wa Kigogo waliokuwa wakiishi mbalimbali, si kwa ajili ya makao makuu ya nchi. Mkuu wa shule hawezi kumkataa mtoto, wala hatutaki amkatae. Kila mwaka, kuanzia Oktoba, watoto wa awali na wa darasa la kwanza huandikishwa, na kila aliyeandikishwa ana haki ya kupokewa. Kipimo cha Serikali chasema wanafunzi 45 katika chumba kimoja cha shule ya msingi. Kipimo hicho ni kizuri. Lakini kipimo hakina matofali, na pasipo chumba cha pili, wa 46 na wa 90 huketi pamoja na wale 45.

Hebu tufanye hesabu ndogo, ambayo msomaji aweza kuirudia kwa kalamu yake mwenyewe. Chukua mtaa mpya wa nyumba 1,000. Weka watoto wawili tu wa umri wa shule ya msingi katika kila nyumba, wala si wengi. Hao ni watoto 2,000. Ukiwagawanya kwa 45 wapata vyumba 45 vya madarasa, yaani shule mbili kubwa au tatu za kadiri. Mwaka 2021, Serikali ilipojenga madarasa kwa fedha za kupambana na UVIKO-19, ilitenga shilingi milioni 20 kwa kila chumba. Kwa bei hiyo vyumba 45 vyagharimu shilingi milioni 900. Bei zimepanda tangu wakati huo, na hatujahesabu vyoo, maji wala nyumba za walimu, lakini na tuitumie kama kianzio. Milioni 900 zikigawanywa kwa viwanja 1,000 ni shilingi laki tisa kwa kiwanja.

Laki tisa! Mtu anayejenga nyumba hutumia zaidi ya hizo katika mabati na misumari. Lau fedha hiyo ingetengwa tangu siku ya kuuza viwanja, ikafungiwa katika hesabu yake yenyewe isiyoguswa kwa posho wala kwa safari, madarasa yangekuwa yamesimama kabla ya nusu ya nyumba kuezekwa. Halmashauri ya Jiji imepima na kuuza viwanja kwa maelfu tangu kupokea kazi za Mamlaka. Ardhi ile ilikuwa mali ya umma, na bei yake ilipanda kwa sababu umma uliamua kuhamishia makao makuu hapa. Ni haki basi sehemu ya faida hiyo irudi kwa watoto wa umma kabla haijaenda mahali pengine popote.

Najua jibu litakalotolewa. Litasemwa kwamba tukiongeza laki tisa tutamfungia mlango mtu wa mshahara mdogo. Hoja hiyo yastahili kusikilizwa, maana tarishi na mlinzi hawalingani na mkurugenzi. Lakini hakuna sheria isemayo kila kiwanja kitoe sawa. Kiwanja cha hoteli na cha kituo cha mafuta kitoe zaidi. Kiwanja kikubwa kitoe zaidi ya kidogo. Na mwenyeji aliyetoa shamba lake akapewa kiwanja kuwa fidia asitoe chochote, kwa sababu yeye amekwisha kutoa. Na yule mtu wa mshahara mdogo, ambaye twadai kumlinda, ndiye alipaye zaidi pale shule inapokosekana. Hulipa nauli kila siku. Hulipa ada ya shule ya binafsi asiyoimudu. Au hulipa kwa namna iliyo mbaya kuliko zote, mwanawe amalizapo darasa la tatu pasipo kujua kusoma.

Hapo twafika kwenye jambo linalotuuma zaidi. Upungufu wa nafasi hauwapati watu wote sawasawa. Mapema asubuhi, kabla ya jua kuchomoza vizuri, mabasi ya manjano hupita katika mitaa mipya yakiwakusanya watoto ambao wazazi wao wana uwezo, na kuwapeleka katika shule za kulipia. Hatuwachukii wazazi hao. Mzazi akiwa na fedha na shule ya jirani imejaa, atafanyaje? Lakini basi likishaondoka, barabarani hubaki mtoto wa fundi mwashi aliyejenga wizara ile, mtoto wa mama lishe aliyemlisha fundi huyo, na mtoto wa mkulima aliyelitoa shamba. Hao waenda kwa miguu. Pengine yawabidi kuvuka barabara kuu ambayo malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo hayapunguzi mwendo, na Januari shule zinapofunguliwa ndiyo pia miezi ya mvua katika uwanda huu wa kati, wakati makorongo makavu hugeuka mito kwa saa moja. Tukiwa na watoto wa basi na watoto wa korongo katika mtaa mmoja, kwa miaka kumi, tusishangae baadaye tukiwa na wananchi wa aina mbili.

Yuko pia mfanyakazi ambaye hakuhama. Mwili wake uko Dodoma, jamaa zake wako Dar es Salaam. Alipata posho yake ya uhamisho, akapata na ofisi. Lakini ili mtoto ahamishwe yahitajiwa shule ya kumpokea iandike kwamba ina nafasi. Basi mkewe amebaki na watoto, naye kila mwisho wa juma yumo safarini. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024 safari imekuwa nyepesi, nasi twaifurahia treni hiyo. Lakini haikujengwa ili iwe daraja la kuunganisha baba na wanawe. Serikali iliyohama huku jamaa za watumishi wake hazijahama, imehama nusu.

Tusidhani kwamba haya ni mapya. Dar es Salaam imekwisha kutupa somo lake bila malipo. Huko Mbagala na Chamazi watu walifika kabla ya shule, wakafika wengi, na shule zikajaa hata zikagawanywa katika "A" na "B" juu ya uwanja ule ule, na watoto wakaingia kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Walipotafuta ardhi ya kujenga shule mpya, ardhi ilikuwa imekwisha kujengwa nyumba, na kuinunua tena kukawa ghali mno. Mtumba ina bahati ambayo Mbagala haikuwa nayo, kwa maana huu ni mji uliopimwa kabla ya watu kufika, na ardhi ya shule bado ipo. Ardhi hiyo yahitaji kulindwa. Kiwanja cha umma kikikaa kichaka miaka mitano hupata marafiki wengi: kwanza mtu wa matofali, kisha mwenye gereji, kisha mtu mwenye karatasi isiyojulikana imetoka wapi.

Wala tusiseme kwamba nchi haina uwezo. Kati ya Oktoba 2021 na mwanzo wa mwaka 2022, Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchini kote, 12,000 vya sekondari na 3,000 katika vituo shikizi vya shule za msingi. Kazi hiyo ilifanyika kwa miezi michache, chini ya usimamizi wa kamati za vijijini na mafundi wa kawaida. Jambo hilo lilikuwa jema, na lilionyesha kwamba tukiamua twaweza. Lakini kujenga kwa kukurupuka, kila Desemba, ili kuiwahi Januari, si mpango. Ni kuzima moto. Kadhalika tusisahau kwamba chumba hakifundishi. Elimu kwa wote iliyoazimiwa Musoma mwaka 1974 iliwaingiza watoto darasani kwa wingi usiokuwa na mfano, ikawabidi vijana waliomaliza darasa la saba washike chaki huku wakijifunza ualimu kwa posta na redio. Walifanya kazi ya heshima, lakini gharama ya haraka ile ilionekana kwa muda mrefu. Baada ya ada kufutwa mwaka 2002, na tena mwaka 2016, wimbi lilikuja vile vile. Mara zote tatu tuliwaalika watoto kwanza, kisha tukaanza kutafuta viti.

Wimbi la nne lina tarehe yake, na ndiyo sababu twaandika leo. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Watoto walioingia darasa la kwanza mwaka 2022 watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huo huo, wale waliowatangulia watamaliza darasa la saba. Makundi mawili yatatoka katika shule za msingi kwa wakati mmoja, na Januari 2028 yote mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza. Tena kundi hilo maradufu halitapita kwa mwaka mmoja likatoweka. Litakaa sekondari hadi mwaka 2031, likipanda kidato baada ya kidato. Wako watakaosema kwamba shule za msingi zitapumua, kwa kuwa zitabaki na madarasa sita badala ya saba. Hiyo ni kweli kwa wilaya isiyokua. Kwa Mtumba, chumba kitakachoachwa wazi na darasa la saba kitajazwa na watoto wa nyumba zilizokamilika mwaka huo huo. Na chumba cha shule ya msingi hakina maabara ya kemia.

Sasa angalia kalenda ya fedha. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Shule itakayosubiri bajeti ya mwaka 2027/28 itakuwa na miezi sita tu kabla ya watoto kufika, na kila mtu aliyepata kusimamia ujenzi wa umma ajua kwamba fedha haifiki Julai. Kwa hiyo shule za sekondari za maeneo mapya ya Dodoma zapaswa kuwa katika bajeti zinazoitangulia hiyo, pamoja na vyoo, kisima au bomba, na nyumba za walimu. Maji hasa tusiyasahau. Uwanda huu ni mkavu, na shule yenye wasichana mia tano pasipo maji haitawashika wasichana hao kwa muda mrefu.

Je, nani aanze? Twaona kwamba Halmashauri ya Jiji yaweza kuanza hata kesho, kwa kutangaza mtaa kwa mtaa ni viwanja vingapi vimeuzwa, nyumba ngapi zimekaliwa, na ni kiwanja gani cha shule kinachongoja, kisha kukiwekea kila kimoja mawe ya mipaka na hati kwa jina la shule. Mashirika ya umma yajengayo nyumba za watumishi, Wakala wa Majengo kule Nzuguni, Shirika la Nyumba kule Iyumbu, na mengineyo yatakayofika Mtumba, yasihesabu mradi kuwa umekamilika mpaka darasa la kwanza liwe na mahali pa kukaa. Nyumba mia moja hazikabidhiwi bila vyoo. Kwa nini zikabidhiwe bila shule?

Wafanyakazi nao wana mlango wao. Kila wizara ina baraza la wafanyakazi, na vyama vya wafanyakazi vimepigania posho za uhamisho kwa bidii na kwa haki. Nafasi ya mtoto shuleni yapaswa kuingia katika orodha hiyo, na isidaiwe kwa ajili ya watoto wa watumishi peke yao. Tukidai shule ya watumishi tutapata ua wenye geti. Shule ya mtaa yatosha, ambamo mtoto wa katibu mkuu na mtoto wa mfuga mbuzi wa Mtumba wataketi dawati moja na kukopeshana kifutio.

Na katika matawi, ndugu wanachama, msikubali mkutano wa mtaa umalizike kwa hotuba. Diwani aje na ramani, ibandikwe ukutani, nanyi mwulizeni akionyeshe kwa kidole kiwanja cha shule, aseme kimepangiwa fedha ya mwaka gani, na msingi utachimbwa mwezi gani. Jibu lake liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, lisomwe tena mkutano ufuatao.